Kengele zilipolia: kwa nini mwisho wa Game of Thrones ungali unagombanisha watu

Jumatatu ya tarehe 20 Mei 2019, saa kumi alfajiri, Mombasa ilikuwa macho kwa sababu ulikuwa mwezi wa Ramadhani na watu walikuwa wanakula daku. Katika nyumba zenye dekoda ya DStv na bili iliyolipwa, kulikuwa na sababu ya pili. M-Net ilikuwa inarusha kipindi cha mwisho cha Game of Thrones, tamthilia ya Marekani, kwa wakati mmoja na Marekani yenyewe, ambako bado ilikuwa Jumapili saa tatu usiku. Kipindi kilikuwa cha dakika 80. Adhana ya alfajiri ikaingia kabla hakijaisha, vikombe vikawekwa chini, na sina shaka kuna sala kadhaa siku ile zilizosaliwa mwili uko msikitini na moyo uko Westeros, bara la hadithi ile.

Wengi hawakukiona saa ile. Walingoja mtu wa muvi afungue duka awawekee kwenye flashi, na huku wakingoja wakawa wanayakimbia makundi ya WhatsApp wasije wakaharibiwa uhondo. Hawakufua dafu. Kufikia wakati wa kufuturu kila mtu alikuwa anajua nani kafa na nani katawazwa, na mabaraza yalikuwa yamegawanyika. Miaka imepita na ugomvi haujapoa. Litaje jina la Daenerys kwa kinyozi Majengo uone wembe unavyosimama hewani.

Kinachoufanya ugomvi usiishe, kwa ninavyousikia, ni kwamba watu hawagombanii kitu kimoja. Anayesema mwisho ule ulikuwa mbovu na anayesema ulifaa mara nyingi wanajibu maswali tofauti, kila mmoja akidhani mwenziwe kawa kiziwi.

Kwa ambaye hakuitazama (na kama bado una nia, ishia hapa), mambo yalikuwa hivi. Daenerys Targaryen ni binti wa mfalme aliyepinduliwa. Kwa misimu saba tulimwona akitoka kuwa msichana aliyeozwa asikotaka hadi kuwa malkia mwenye majoka matatu, mkombozi wa watumwa. Katika kipindi cha tano cha msimu wa nane, kilichorushwa tarehe 12 Mei, amelifikia lengo lake: mji mkuu umesalimu amri na kengele za kusalimu zinalia. Naye, akiwa juu ya joka, anauchoma mji pamoja na raia wake. Wiki iliyofuata Jon Snow, mpenzi wake ambaye pia ni mtoto wa kaka yake (mambo ya ukoo ule tuyaache), anamchoma kisu wakiwa wamekumbatiana. Joka linakiyeyusha kiti cha enzi kwa moto, linaichukua maiti, linaruka nayo. Mabwana waliosalia wanakaa kikao na kumchagua Bran Stark, kijana asiyeweza kutembea ila anayeona yaliyopita, kuwa mfalme. Jon anarudishwa kaskazini kwenye theluji.

Ushahidi wa kwanza kuletwa barazani huwa ni namba. Zaidi ya watu milioni 1.8 walitia sahihi ombi la mtandaoni wakitaka HBO, kituo chenye tamthilia ile, iutengeneze upya msimu wote wa nane kwa waandishi wengine. Hao ni wengi kuliko wakazi wa kaunti yetu, maana sensa ya mwaka huo huo ilihesabu watu 1,208,333 Mombasa nzima. Namba inatisha. Ila ombi lile lilikuwa limeshavuka sahihi milioni moja kabla kipindi cha mwisho hakijarushwa. Waliolitia sahihi wakati ule walikuwa wamekasirishwa na kengele na yaliyozitangulia. Mkutano wa kumchagua mfalme walikuwa bado hawajauona. Kwa hiyo mtu akikupa namba ile kuthibitisha kwamba kipindi cha mwisho kilikataliwa na umma, ana haki ya kusikilizwa, lakini ushahidi wake ni wa kesi nyingine.

Namba ya pili ni ya IMDb, tovuti ambako watazamaji huvipa vipindi alama, na ambako kipindi cha mwisho kina alama kama 4 kwa 10, wakati kuna vipindi vya nyuma vilivyowahi kugusa 9.9. Wastani wa namna hii hudanganya kimyakimya. Ukiufungua unakuta wengi waligonga 1 na wengi wengine wakagonga 10. Mtu anayeamini kipindi kile kinastahili 4 hasa, yaani kibovu kiasi, ni nadra kumpata, hata hapa mjini.

Watetezi nao wanaleta tuzo. Msimu wa nane uliteuliwa kuwania Emmy, tuzo za televisheni za Marekani, mara 32, rekodi kwa msimu mmoja wa tamthilia, na Septemba 2019 ukashinda 12, ikiwemo tuzo ya tamthilia bora na ya Peter Dinklage kwa uigizaji. Mbona wataalamu wameupenda? Lakini soma orodha hadi chini. Kipindi cha mwisho kiliteuliwa kwa uandishi na kwa uongozaji, kikakosa zote mbili. Ya uandishi ikaenda kwa tamthilia ya Succession na ya uongozaji kwa ile ya Ozark. Wapiga kura wa Emmy walisema jambo ambalo hata mlalamikaji mkali wa Kisauni hakatai: waigizaji, mavazi, moto na majoka, vyote vilikuwa vya hali ya juu. Ugomvi ulikuwa juu ya hadithi.

Basi twende kwenye hadithi, na hasa kwenye kengele.

Watetezi wana orodha ndefu ya dalili, nao huitoa kwa kuhesabu vidole. Msimu wa kwanza Daenerys alimtazama kaka yake akimwagiwa dhahabu iliyoyeyushwa kichwani, asipepese. Msimu wa nne aliwasulubu mabwana 163 wa Meereen. Msimu wa saba aliwachoma baba na mwana wa ukoo wa Tarly kwa sababu walikataa kumpigia goti. Na huko nyuma, katika msimu wa pili, aliona njozi ya ukumbi wa kiti cha enzi ukiwa umebomoka paa, kitu cheupe kikidondoka kutoka juu. Tulidhani theluji. Ni rahisi sasa kuona kwamba yalikuwa majivu. "Mlikuwa mmelala?" wanauliza.

Walalamikaji hawakulala. Wanachosema ni kwamba kila aliyechomwa kabla ya hapo alikuwa na kosa machoni pa Daenerys: alimiliki watumwa, alimsaliti, au alimkataa kuwa malkia. Muuza mikate wa mji uliosalimu amri ana kosa gani? Kutoka kwa yule hadi kwa huyu kuna hatua ndefu, na tamthilia iliipiga hatua hiyo kwa vipindi vitatu. Jorah, mshauri wake wa tangu mwanzo, anakufa katika kipindi cha tatu. Joka lake la pili na Missandei, rafiki yake wa pekee, wanauawa katika kipindi cha nne. Cha tano kinaanza na usaliti wa Varys, mshauri wake mwingine, na Jon akikwepa busu lake. Halafu kengele. Misimu ya mwanzo ilitumia muda kama huo kumtoa mtu mji mmoja na kumfikisha mwingine.

Hapa ndipo watu wanapopishana njia bila kuonana. Dalili inamwambia mtazamaji kwamba jambo linaweza kutokea. Sababu inamfanya ahisi kwamba, kwa mtu huyu, saa hii, lisingeweza kutokea jingine. Watetezi wanathibitisha dalili. Walalamikaji wanalilia sababu. Unaweza kuwapa wote wawili haki bila kujipinga, na ukimpa mlalamikaji orodha ya dalili kwa mara ya kumi hujamjibu bado.

Sisi wa pwani tuna mfano wetu wa kulipima jambo hili. Utendi wa Fumo Liyongo, kama alivyouandika Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, unamwua shujaa kwa mkono wa mwanawe wa kumzaa. Hakuna mwisho mchungu kuliko huo, na sijawahi kumsikia mtu akitaka Kijumwa afanyiwe marekebisho. Tazama alivyoujenga. Mfalme wa Pate anamwita kijana, anamlaghai kwa ahadi za cheo na ndoa. Kijana anamwendea babake na kumuuliza ni kitu gani kiwezacho kumuua. Liyongo anang'amua kwamba mwanawe katumwa, na bado anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Kijana anarudi kwa mfalme na jibu, anapewa sindano, anarejea kwa babake. Kila hatua tunaiona, na katika kila hatua tuna nafasi ya kuomba asifanye. Sindano inapoingia tunahuzunika, lakini hatuna la kumshitaki mtunzi.

Na hadithi haikimbii baada ya hapo. Liyongo anatoka na jeraha lake hadi karibu na kisima, anapiga goti na uta mkononi, anafia katika hali hiyo, na mji unakaa na kiu kwa kuogopa kumkaribia mtu wanayedhani yu hai, hata mamake akaitwa aje ambembeleze. Mwana hakifaidi alichoahidiwa. Kila mmoja anapewa wakati wa kukipokea kifo kile.

Sasa rudi kwenye kipindi cha mwisho. Jon anaua, joka linaondoka na maiti, na papo hapo hadithi inaruka wiki kadhaa mbele. Hatumwoni Jon akikamatwa. Hatumwoni Grey Worm, jemadari aliyempenda malkia wake kuliko nafsi yake, akipokea habari kwamba kauawa na nani. Mandhari ambayo ingekuwa kali kuliko zote haikuandikwa kabisa. Mimi hapo ndipo nilipohamia upande wa walalamikaji, ingawa sikuwa na neno na malkia kuuchoma mji. Wali ule ulitolewa jikoni kabla ya kupaliwa makaa: mchele ni ule ule, tui ni lile lile, lakini una kiini.

Suala la Bran ni jingine kabisa, na huchanganywa na hili bure. Katika kikao kile Tyrion, aliyekuwa mshauri wa Daenerys, anadai kwamba kinachowaunganisha watu ni hadithi, na hakuna mwenye hadithi bora kuliko Bran. Dada zake wawili wamekaa pale pale, mmoja, Sansa, aliyenusurika ndoa mbili za kutisha, mwingine aliyemuua mfalme wa wafu! Wanaomtetea Bran wana hoja ya siasa: hana uchu wa madaraka, hawezi kuzaa, kwa hiyo kiti kinaacha kurithiwa kwa damu. Wanaompinga wana hoja ya kitazamaji tu: huyu bwana hakuonekana hata mara moja katika msimu wote wa tano. Mfalme mtarajiwa alikosa vipindi kumi mfululizo na hadithi ikaenda bila ya pengo lake kuonekana. Kwa Daenerys dalili zilikuwepo na sababu ikapungua. Kwa Bran hata dalili zenyewe utazitafuta kwa kurunzi. Na hapo sijagusa namna Sansa alivyojitangazia uhuru wa Kaskazini kikaoni na Yara Greyjoy, aliyeutaka uhuru wa visiwa vyake tangu zamani, akanyamaza kama mgeni wa harusi.

Kuna tamthilia ambazo mwisho wake uligawanya watu kwa njia nyingine, na kuzikumbuka kunasaidia. Tarehe 10 Juni 2007 The Sopranos ilikatika ghafla ikawa giza tupu, na watazamaji Marekani wakadhani kebo zao zimeharibika. (Hapa kwetu tungechungulia dirishani kwanza kuona kama jirani ana stima.) Ubishi wa pale ni juu ya kilichotokea: Tony, mhusika mkuu, kafa au hakufa? Lost, iliyoisha tarehe 23 Mei 2010, iliacha watu wengi wakiamini kwamba wahusika walikuwa wafu tangu ndege ilipoanguka. Haikuwa hivyo. Kituo cha ABC kiliweka picha za mabaki ya ndege wakati majina yanapita mwishoni, na picha hizo ndizo zilizowapotosha wengi. Game of Thrones haina ubishi wa namna hiyo. Kila mtu anajua nini kilitokea. Kwa hiyo hakuna ufafanuzi wa mtunzi unaoweza kuutatua.

Je, mwisho unaweza kubadilishwa kwa kuwa watu hawakuupenda? Nilimuuliza ami yangu, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye sinema za Kihindi, Naaz na Regal. Game of Thrones hajaitazama hata dakika moja, lakini kanuni anayo.

"Stelingi hafi, mwanangu. Akifa, hela yako umetupa."

"Na Jai wa Sholay, ami?"

"Jai alikufa, ndiyo. Lakini Gabbar, lile jambazi, alikamatwa na polisi. Haki ikatendeka."

Nikamweleza kwamba Gabbar hakupaswa kukamatwa. Katika mwisho uliopigwa kwanza, Thakur, yule afisa wa zamani wa polisi aliyekatwa mikono, anamuua Gabbar kwa miguu yake. Hiyo ilikuwa 1975, India iko chini ya sheria ya hali ya hatari, na wakaguzi wa filamu hawakukubali kuona aliyekuwa polisi akichukua sheria mkononi. Ikabidi upigwe mwisho mpya, polisi wakafika kwa wakati. Ami akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mimi wa polisi ndio niliolia nao. Huo mwingine mwachie mwenyewe."

Kwa hiyo wale wa milioni 1.8 hawakuomba muujiza. Miisho hubadilishwa, na mwisho wa kulazimishwa unaweza kupendwa miaka hamsini. Tofauti ni kwamba Sholay ilibadilishwa kabla umma haujaiona. Mwisho ukishaonwa na dunia nzima, wa pili utabaki kuwa maoni juu ya wa kwanza.

Kuhusu haraka yenyewe, barazani kuna maelezo matamu: kwamba David Benioff na D. B. Weiss, walioiongoza tamthilia, walikimbilia mkataba wa filamu za Star Wars. Tarehe hazikubali. Mkataba ule ulitangazwa Februari 2018. Tayari mwaka 2016 walikuwa wamesema hadharani kwamba wamebakiwa na vipindi kama 13, na ndivyo ilivyokuwa: misimu sita ya vipindi 10, kisha saba, kisha sita, jumla 73. HBO ilikuwa tayari kulipia zaidi. Hawakutaka.

Sababu ninayoiona mimi haina utamu huo. George R. R. Martin, mwandishi wa vitabu ambavyo tamthilia ilitokana navyo, alitoa kitabu cha tano Julai 2011, miezi michache baada ya tamthilia kuanza, na cha sita hakijatoka. Kufikia msimu wa sita tamthilia ilikuwa imevipita vitabu. Martin alikuwa amewasimulia viongozi wale wahusika wakuu wanaishia wapi, lakini njia ya kuwafikisha huko ilikuwa bado haijaandikwa na yeyote. Walikuwa na miisho bila katikati. Ukilijua hilo, utaona kwa nini dalili zilikuwa nyingi na sababu chache: dalili zimo vitabuni, sababu ingetoka kwenye kurasa ambazo hazipo.

Binamu yangu wa kike, anayesoma chuo Tudor, hayo yote hayamhusu. Hoja yake ni nyingine. "Aegon, babu wa ukoo wake, alikuja na majoka, akaichoma ngome ya Harrenhal na watu ndani, wakamwita Mshindi. Daenerys kachoma mji mmoja, kawa mwendawazimu." Kaka yake humjibu, "Lakini Da, dalili zilikuwepo," naye humtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya samaki akataja bei ya mkaa. Hazungumzii ufundi wa kuandika. Anauliza kwa nini hadithi iliyomlea msichana kwa miaka minane kuwa mfano, hata mamia ya watoto Marekani wakaitwa Khaleesi kwa cheo chake, ilichagua kumalizia pale. Emilia Clarke mwenyewe, aliyemwigiza Daenerys, alisema alipousoma mwongozo ule alilia, akatoka kutembea London kwa saa nyingi. Unaweza kujibu kwamba hadithi inamlaani Aegon pia, taratibu. Ni jibu zuri. Halimridhishi, na sioni kwa nini limridhishe.

Halafu kuna deni la muda. Waliotazama tangu Aprili 2011 walikuwa na miaka ya kubuni nadharia. Siri ya wazazi wa Jon ilikuwa imebashiriwa na wasomaji tangu miaka ya tisini, ikathibitishwa kwenye skrini mwaka 2016, na mwishowe haikumpa Jon chochote ila kumtia hofu Daenerys. Aliyeingoja siri ile miaka ishirini anahisi kadhulumiwa. Kijana aliyeipokea tamthilia nzima kwenye flashi wakati wa likizo, kama saa 70 kwa wiki chache, hakuwahi kukopesha kitu. Niliowaona wa kundi hili husema mwisho "si mbaya," na hushangaa kuona kaka zao wakitokwa mishipa ya shingo. Hasira yenyewe haikuzuia biashara: House of the Dragon, tamthilia iliyozaliwa na hii, ilipoanza Agosti 2022, karibu watu milioni 10 Marekani waliitazama usiku wa kwanza.

Martin akimaliza vitabu vyake, suala la Bran huenda likafungwa. Isaac Hempstead Wright, aliyemwigiza, alieleza kwamba aliambiwa ufalme wa Bran ulitoka kwa Martin mwenyewe, kwa hiyo tutaona kama kurasa mia kadhaa zinaweza kumfanya astahili. Suala la kengele litapata alichokuwa anakililia mlalamikaji, sababu, au litathibitisha kwamba hata Martin hakuwa nayo. La binamu yangu halitaguswa. Malkia akifikia mwisho ule ule kwa njia iliyoandikwa vizuri zaidi, hoja yake itakuwa na nguvu zaidi ya ilivyo leo.